Nukta za Dukuduku

Matini yenyewe ina mishororo minne tu, na nilikabidhiwa jioni moja ya bamvua huko Ushongo Mabaoni, wilayani Pangani, wakati maji yaliyojaa saa kumi yalikuwa yameshaanza kupwa na dada yangu yuko ukumbini akipepeta mchele. Mpwa wangu, msichana wa miaka 14 aliye kidato cha pili, alininyooshea simu bila kuiachia, kama mtu anayeonyesha jeraha lakini hataki liguswe. "Mjomba, wewe si unafundisha fasihi? Hebu nisomee hii." Nilimwambia imeandikwa kwa Kiswahili chepesi, aisome mwenyewe. "Nimeshaisoma," akasema, "mara nyingi."

mambo
kesho unakuja au hauji
au umeninunia
Sawa.

Mishororo mitatu ya kwanza ni ya mpwa wangu. Wa nne ni wa shoga yake anayekaa mjini Tanga, ambaye walikuwa wamepanga avuke kivuko cha Pangani siku inayofuata aje kulala kwetu. Kando ya kila mshororo simu imeweka saa: 16:41, kisha 16:41 tena, 16:52, na mwisho 17:20. (Saa za simu huanza kuhesabiwa usiku wa manane na za kwetu jua linapochomoza, kwa hiyo mtoto wa pwani hujifunza mapema kutoa sita, hiyo ndiyo tafsiri ya kwanza anayoifanya, kabla hajasoma hata neno.) Naomba msomaji mwenzangu aipe matini hii heshima ambayo tungeupa ubeti wa shairi la kale, maana imejengwa, na ujenzi wake ndio uliomtoa binti yule nje mara nne kutafuta mtandao chini ya mnazi.

Kwa umbo ni tarbia iliyovunjika. Mizani yake ni 2, 11, 8, 2: ubeti unafunguka, unajaa, unaanza kupungua, kisha unarudi pale pale ulipoanzia, kwenye neno moja la silabi mbili. Vina havipo, lakini ulinganifu upo, nao una ukatili wake, kwa kuwa "mambo" ni salamu inayodai kuitikiwa "poa", na badala ya kuitikiwa imejibiwa, baada ya dakika 39, kwa neno lenye mizani ileile lisilo mwitiko wake. Katika tarbia mshororo wa nne ni kituo. Hapo mtunzi hutua, na mara nyingi hutua kwa kibwagizo ambacho hadhira imeshakijua na inaweza kukiitikia pamoja naye. Hapa mwenye ubeti hakukitunga kituo chake. Amejenga mishororo mitatu akamwachia mwingine aifunge, na mwingine ameifunga kwa neno lisilofunga.

Tulitazame neno hilo. Swali la mshororo wa pili ni la uteuzi: kuja au kutokuja. (Mwalimu aliyemo ndani yangu alitaka kusahihisha "hauji" iwe "huji", nilimnyamazisha, haikuwa siku yake.) Swali la namna hiyo halijibiwi kwa "sawa", maana "sawa" hukubali pendekezo, haichagui baina ya mawili. Mshororo wa tatu nao hauna hata alama ya kuuliza. Ni "au" inayoning'inia, inayoongeza chaguo la tatu juu ya mawili yaliyokwisha kutajwa: unakuja, huji, au umeninunia. Basi "Sawa" imeshika lipi? Ikishika la kwanza, ni habari njema iliyosemwa kwa uvivu. Ikishika la tatu, ni kukiri kununa, tena kwa ubaridi wa mtu asiyeona haja ya kujieleza. Sarufi inaziruhusu zote, na hakuna kiashiria hata kimoja kinachoelekeza upande.

Kisha kuna nukta. Mishororo mitatu ya juu haina uakifishaji wowote. Wa nne unaanza kwa herufi kubwa na kuishia kwa nukta. Kitabuni nukta haisemi zaidi ya kwamba sentensi imekwisha. Kwenye simu, ambako mwisho wa ujumbe umeshaonyeshwa na ukingo wa kiputo chake, nukta imekosa kazi, na alama isiyo na kazi huanza kusomwa kama hisia. "Hawekagi nukta," mpwa wangu aliniambia, nikatambua kwamba niko mbele ya mhakiki mwenzangu: alikuwa ameshalinganisha mtindo wa mwandishi huyu na kazi zake zote zilizotangulia. Nilimjibu kwamba kibodi nyingine huweka nukta zenyewe mtu akigusa nafasi mara mbili, na kwamba herufi kubwa yawezekana ni ya mashine. Hoja hiyo haikumtuliza, na sasa naelewa kwa nini. Nilikuwa nimemwambia kwamba ishara aliyoihangaikia muda wote ule huenda haina mtunzi.

Hata hivyo mishororo minne siyo matini nzima. Pembeni yake kuna maandishi mengine ambayo hakuna kati ya wasichana hawa wawili aliyeyaandika. Kila ujumbe wa mpwa wangu una alama mbili za vema, kwanza za kijivu, baadaye za buluu. Mwanafunzi wa Tanzania ameijua alama hiyo tangu darasa la kwanza, kwenye daftari lililosahihishwa, na jina lake la shuleni ni sifa: vema. Hapa imehamishwa kutoka kupima jibu hadi kutangaza kwamba swali limesomwa, na vema mbili za buluu zinaweza kusimama dakika 28 kando ya swali ambalo halijajibiwa. WhatsApp ilianza kuonyesha rangi hiyo Novemba 2014. Kabla ya hapo vema mbili zilisema tu kwamba ujumbe umefika. Juu ya skrini, chini ya jina, kuna mstari mdogo unaosema kwamba mtu yupo mtandaoni, au alionekana mara ya mwisho saa fulani, au anaandika.

Anayeyaandika haya ni msimulizi. Tumezoea kuyaita mazungumzo haya dayalojia, kana kwamba ni tamthilia ya wahusika wawili, ilhali ni masimulizi yenye dayalojia ndani yake, na maelekezo ya jukwaani yametiwa na mkono wa tatu. Inafaa kukumbuka kwamba Jan Koum alipoibuni programu hiyo mwaka 2009 aliikusudia kwanza ionyeshe hali ya mtu kando ya jina lake, kwamba yuko kazini au betri inamwishia, na kutumiana ujumbe kukafuata baadaye mwaka uleule. Msimulizi aliwatangulia wahusika. Katika fasihi tunamjua msimulizi maizi, anayeyajua matendo ya mhusika pamoja na yaliyo moyoni mwake. Tunamjua pia msimulizi wa nafsi ya kwanza, asiyejua ya moyo wa mwenzake na asiyejidai kuyajua. Wa simu ni aina ya tatu, ambayo kwa kukosa jina bora nitamwita msimulizi mlinzi: kama mlinzi wa getini, anaandika saa ya kuingia na saa ya kutoka, na sababu haimhusu. Anaripoti kwamba mhusika ameipokea barua, ameifungua, ameshika kalamu, ameiweka chini. Kisha kimya. Mwandishi wa riwaya akifanya hivyo tutamsifu kwa kujizuia. Lakini kwa msichana wa miaka 14, umri ambao mtu huona thamani yake machoni mwa wenzake kabla ya kwingineko, kujizuia huko humfungulia kazi ya kubuni sababu, na sababu anazozibuni huwa mbaya kuliko za kweli.

Nilimwuliza kilitokea nini kati ya 16:52 na 17:20, na hapo ndipo aliposema kwa haraka. "Aliandika, akaacha. Akaandika tena, akaacha." Chini ya jina la mwenzake lilitokea neno "anaandika" likifuatwa na nukta tatu, likapotea, likarudi, likapotea. Dada yangu, bila kuinua macho kutoka kwenye ungo, akasema, "Ana jakamoyo huyo tangu alasiri."

Nukta hizo tatu zina jina katika sarufi yetu: alama ya dukuduku. Waliotubunia istilahi hiyo walichukua neno la moyo, la jambo linalomkera mtu ndani kwa ndani bila kutoka, wakalipa kazi ya uakifishaji. Na kila ninapoifundisha huona kwamba ni mojawapo ya istilahi chache zinazohisi kile zinachokitaja. Kitabuni alama ya dukuduku huja baada ya maneno. Mwandishi amesema kiasi na kuacha kiasi, na kilichoachwa hukisiwa kwa msaada wa kilichosemwa. Kwenye skrini inakuja kabla ya maneno, na mara nyingine badala yake, kwa hiyo hakuna cha kukisia nacho: ni dukuduku tupu. Wahakiki tunalo pia neno taharuki, la mbinu ya kumwacha msomaji katika hamu ya kujua kitakachofuata, na neno hilohilo, nje ya darasa, ni la mtu aliyepoteza utulivu. Darasani tumezitenga maana hizo kwa miaka. "Anaandika" imezirudisha pamoja. Mtunzi mwema wa taharuki huweka ahadi katika muundo wake kwamba atafumbua. Hapa hakuna mtunzi wa kuweka ahadi, kwa sababu aliyeandika na kufuta hakujua kwamba anatazamwa akifuta, au alijua akasahau.

Kungoja si jambo geni huku. Shaaban Robert, aliyekuwa karani wa forodha Pangani, mwendo wa saa chache kutoka ukumbi ule, aliandikiana na ndugu yake Yusuf Ulenge kwa miaka mingi, na barua zake za kati ya 1931 na 1958 zimetufikia katika kitabu. Jibu likichelewa siku zile, ukimya ulikuwa na wamiliki wengi: meli, posta, mvua, njia. Kwenye ufuko huuhuu wa Ushongo huletwa mayai ya kasa yaliyotagwa Maziwe, kisiwa kilichotangazwa kuwa hifadhi mwaka 1975 na ambacho leo ni fungu la mchanga linalofunikwa maji yakijaa; hufukiwa upya hapa ili yasioze kwa maji ya chumvi, na wanaoyalinda wanajua kwamba baada ya siku 50 hadi 60 hivi mchanga utaanza kutikisika. Kungoja huko kuna ukingo. Mke wa mvuvi aliyechelewa ana hofu nzito kuliko ya mpwa wangu, na sitaki kuzipima kwa mzani mmoja. Nasema tu kwamba hofu yake ina upepo wa kulaumiwa, na ina kupwa na kujaa kunakoigawa vipande. Vema za buluu zimeufuta udhuru. Baada yake ukimya hauna meli wala mvua, una mmiliki mmoja, na jina lake limeandikwa juu ya skrini.

Je, ni mmoja kweli? Hapa ndipo umbo la matini hii linapopasuka likifika Ushongo. Msomaji kusudiwa wa vema ya buluu ni mtu mwenye simu yake, chumba chake na bando lisilokatika. Mpwa wangu hana simu. Aliyonayo ni ya mama yake, na laini imesajiliwa kwa alama za vidole za mama, kama laini nyingi zinazoshikwa na watoto tangu zile zisizosajiliwa zilipoanza kuzimwa Januari 2020. Shuleni kwao, kama katika sekondari nyingi nchini, mwanafunzi haruhusiwi kuingia na simu, hivyo maisha yake yote ya maandishi yamebanwa kwenye jioni na siku za mapumziko. Mwenzake wa Tanga naye anaazima ya kaka yake. Kwa hiyo "amesoma" inayotangazwa na msimulizi yaweza kuwa ya kaka, au ya mdogo wao aliyekuwa akicheza gemu, na "anaandika" yaweza kuwa kidole cha mtoto. Nilimpa mpwa wangu usomaji huu nikiuona ni wa kuokoa. "Kaka yake hawezi kuandika Sawa na nukta," akasema. "Kaka yake anaandikaga 'powa'."

Dada yangu akacheka, na kicheko kile kilinigeuza nitazame matini nyingine iliyokuwa karibu, aliyokuwa amejifunga. Kanga ina pindo, mji na jina, na jina ni ujumbe usiomtaja mpokeaji. Mwanamke akiivaa siku jirani fulani anapopita, jirani ana haki ya kuumia na mvaaji ana haki ya kukana: nimeinunua dukani, sikuitunga mimi. Nguvu ya fumbo hilo imo kwenye mwanya wa kukana, unaowawezesha wawili kusalimiana kesho yake kana kwamba hakuna kilichosemwa. Wasichana wa rika hili wamehamishia kazi hiyo kwenye Status, ukurasa wa saa 24 ambao WhatsApp iliuanzisha mwaka 2017, na vijembe vinavyorushwa huko vingemridhisha shabiki yeyote wa taarabu ya zamani ya Tanga. Lakini Status ina orodha ya waliotazama, kwa majina na kwa dakika, na orodha hiyo inaliharibu fumbo kutoka pande zote mbili. Aliyerusha anajua nani ameona. Aliyeona anajua kwamba amejulikana. Mpwa wangu alikuwa ameshapita huko: "Ameangalia status yangu saa kumi na moja kasoro tano. Kwangu hakujibu." Kanga haihesabu macho, na nadhani ndiyo sababu imedumu miaka mingi hivi bila kuvunja mitaa zaidi ya ilivyovunja.

Wanasaikolojia nao wana matini zao za kuisoma hali hii, na umbo lake linafaa kutazamwa. Kipimo kifupi cha uraibu wa simu kilichotungwa Korea Kusini na kuchapishwa mwaka 2013, kwa ajili ya vijana wa rika la mpwa wangu, kina maswali 10. Kinauliza kuhusu kazi zilizoachwa, mikono inayouma, kutovumilia kukaa bila simu, na watu wanaokulalamikia. Kipimo cha wasiwasi kiitwacho GAD-7, cha mwaka 2006, ambacho pwani ya Kenya kimetumika kwa Kiswahili, kina maswali saba, kila moja likijibiwa kwa alama kutoka 0 hadi 3, na kipindi chake ni wiki mbili zilizopita. Ni utungo wa kibwagizo: kila swali linarudi kwenye "mara ngapi" ileile. Navutiwa na ukavu wake, na ninaamini kwamba una manufaa hospitalini. Lakini kinahesabu mara, na mijadala mikubwa iliyofuata kuhusu simu na wasiwasi wa vijana, hasa baada ya kitabu cha Jonathan Haidt cha mwaka 2024 na majibu ya Candice Odgers mwaka huohuo kwamba ushahidi haujaonyesha kipi kinamzaa mwenzake, imebaki zaidi kwenye kiasi: saa ngapi, kuanzia umri gani.

Kwa kiasi, mpwa wangu asingehesabiwa. Bando lake lilikuwa dogo, la kununuliwa kwa sarafu alizobakiza kwenye nauli, na alikuwa akizima data kila baada ya dakika chache ili lisikatike. Ukijumlisha, jioni ile hakufikisha nusu saa ya matumizi. Simu ilikuwa imelazwa juu ya kabati huku yeye akichota maji, akisonga ugali, akimjibu mama yake nusu nusu, na muda wote huo alikuwa ndani ya mishororo minne. Kilichopindukia kilikuwa usomaji. Matini yenye silabi 23 ilidai kazi ya ufafanuzi ambayo sisi hatuwapi hata mashairi ya mtihani, na iliidai kwa sababu msimulizi wake alikuwa ametoa matendo yote na kuzuia maana. Kuzima data kulimwongezea kazi: sasa ujumbe wake mwenyewe usingefika, na wa mwenzake ungebaki huko na vema moja, nayo vema moja ina tafsiri zake.

Ndiyo maana sina mengi ya kusema kuhusu TikTok, ambayo hulaumiwa zaidi. Nayo ina kasoro ya umbo: ni utungo usio na kituo, mrithi wa ule ukurasa usioisha ambao Aza Raskin aliubuni mwaka 2006 na baadaye kuujutia hadharani. Mpwa wangu huifungua akiwa anangojea, ili asiihisi dakika. Ni mahali pa kujificha, na bando humtoa upesi. Australia, ilipowazuia walio chini ya miaka 16 kuwa na akaunti za mitandao ya kijamii kuanzia tarehe 10 Desemba 2025, iliijumuisha TikTok na kuiacha WhatsApp nje kwa kuwa ni ya mawasiliano. Uamuzi huo una mantiki ya kisheria. Ila ule ubeti wetu wa mishororo minne ungepita katikati ya sheria hiyo bila kuguswa.

Nilimwambia kwamba vema za buluu zinaweza kuzimwa kwenye mipangilio. "Najua," akasema. "Ila ukizizima na wewe huoni za wenzako." Msimulizi huyu hajiuzulu kwa upande mmoja.

Ilipofika saa mbili usiku aliichukua simu kutoka kabatini, akawasha data, akaketi karibu nami kwenye mkeka. Sikuwa nimempa maana aliyoitaka, na hakuonekana kuningojea tena. Nilikitazama kidole gumba chake. Aliandika "kwani", akafuta. Akaandika "sawa", akaitazama, akaongeza nukta, akaiondoa nukta, akafuta yote. Mama yake akamwita aje kupakua. "Nakuja," akajibu, na kidole hakikutoka kwenye kibodi. Mjini Tanga, kama mwenzake alikuwa ameishika simu ya kaka yake wakati ule, chini ya jina la upande wetu neno lilikuwa likitokea, likipotea, likitokea.